Tunapiga Pamba, Lakini Pamba Yetu Haituvishi

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta suti nyeusi. Sisi wanafunzi wa sheria tuna mashindano ya mahakama ya kuigiza, na huwezi kusimama mbele ya "mheshimiwa jaji" ukiwa na fulana. Suti nyeusi, shati jeupe, viatu vilivyofungwa. Hiyo ndiyo kanuni, hata kama mfukoni una nauli ya daladala tu.

Nikaanzia pabaya. Rafiki yangu alinipeleka duka moja upande wa Masaki, la nguo ambazo karatasi yake ya bei inakuambia kabisa ni "rafiki wa mazingira". Nguo nzuri, sitasema uongo. Koti la kitani, limeshonwa vizuri, bitana imekaa. Bei shilingi 240,000. Dada wa dukani akanieleza kwa upole kwamba nikinunua hilo ninaokoa dunia. Nikapiga hesabu kichwani. Mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali anapata bumu la shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Kwa hiyo ili niokoe dunia nilale njaa siku 24, tena nje.

Nikaenda Kariakoo. Suti mpya, inang'aa, imetoka China, 60,000. Mwenzangu wa darasani aliinunua kama ile muhula uliopita. Ilipofuliwa mara ya pili ikatoka mapovu kifuani kama chapati, na mshono wa kwapani ukaachia siku ya kuwasilisha hoja. Alimaliza utetezi wake mikono ameibana mbavuni.

Mwisho nikarudi nyumbani kwetu, yaani sokoni. Mama yangu anauza mitumba, mwaka wa 14 sasa. Meza ya jirani yake kulikuwa na koti jeusi la sufu, zito, limetengenezwa na watu waliokuwa na muda. Shilingi 12,000. Fundi cherehani wa pale pale akalibana kiunoni na kupunguza mikono kwa 8,000. Jumla 20,000, na ninavyoliona litanifikisha hadi siku nitakayoapishwa kuwa wakili, Mungu akipenda.

Naanza na hadithi hii kwa sababu siku hizi vijana wa mjini tunazungumza sana habari za mitindo endelevu: nguo za kudumu, zisizoharibu mazingira, ambazo aliyeshona amelipwa haki yake. Ni mazungumzo mazuri. Aprili 24, 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka Bangladesh na watu 1,134 wakafa, wengi wao wasichana wa umri wangu waliokuwa wanashona nguo za bei rahisi za Ulaya na Marekani. Nguo ya bei ya kutupa kuna mtu mahali fulani ameilipia. Hilo sibishi.

Ninachobishia ni wazo kwamba uendelevu ni kitu cha kununua Masaki kwa 240,000. Anayevaa kwa namna endelevu kuliko wote nchi hii ni mtu wa kawaida wa Tandika, Manzese na Mbagala. Shati analolivaa limeshavaliwa na mtu mwingine, likichanika anashona, likichoka anampa mdogo wake, likiisha kabisa linakuwa dekio. Hakusoma popote. Ni umaskini umemfundisha, na mama yangu na wenzake wamemrahisishia. Halafu huyo huyo ndiye sera zetu zinamwona kama tatizo.

DAFTARI LA MAMA

Watu wengi wanaozungumzia mitumba hawajawahi kuona belo likifunguliwa. Ngoja niwapeleke.

Belo la blauzi la kilo 45, mama alilinunua shilingi 450,000. Halifunguliwi dukani. Unalinunua likiwa limefungwa kwa mikanda, unaamini maandishi ya juu na mdomo wa muuzaji. "Gredi A hii mama, mali safi." Siku hiyo nilikuwepo, nikachukua daftari nikahesabu. Blauzi 260. Nzuri kabisa 48, hizo zinauzwa kati ya 5,000 na 8,000, tuseme wastani 6,000. Za kawaida 120, za 2,000. Za mnada 60, zile za "chagua mia tano, mia tano!" Na 32 zilikuwa mbovu: zimechanika, zina madoa ya rangi, moja ina jasho la mtu mpaka kola imekakamaa.

Ukijumlisha, zikiuzwa zote bila kubaki hata moja, ni shilingi 558,000. Toa mtaji, inabaki 108,000. Toa usafiri, ushuru wa meza, mlinzi na chai ya siku 17 alizokaa kuziuza. Kilichobaki ndicho kimenisomesha.

Sasa zile 32 zinaenda wapi? Chache wanachukua mafundi gereji wafutie mikono. Nyingine mama anaziweka kwenye kiroba, na kiroba kikijaa kinachomwa au kinaishia mtaroni. Nakiri, mimi mwenyewe nimezichoma nyuma ya nyumba mara nyingi nikiwa mdogo. Polista haiungui kama pamba, inayeyuka. Inatoa moshi mweusi unaokaba koo, kwa sababu asili yake ni mafuta ya petroli. Nilikuwa nafikiri nachoma nguo. Kumbe nilikuwa nachoma plastiki ya Ulaya, bure, bila kulipwa na mtu.

SHERIA IPO, ILA HAIFIKI MEZANI

Hapa naomba mnivumilie kidogo, ndiyo kazi ninayosomea.

Kwenye forodha kontena la mitumba linaingia kama bidhaa. Lina namba yake ya ushuru, 6309, nguo zilizokwisha kuvaliwa. Siyo taka. Belo likifunguliwa kwenye meza ya mama, sehemu yake inageuka taka hapo hapo. Mtu aliyelivaa huko alikotoka ameshalisahau. Kampuni iliyolikusanya imeshauza kwa kilo. Mwagizaji wa jumla ameshapata chake. Mzigo wa taka umemwangukia mwanamke mwenye mtaji wa laki nne na nusu.

Na sheria haijakaa kimya. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ukiniambia gredi A, unipe gredi A. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Katiba yetu Ibara ya 22 inatambua haki ya kufanya kazi. Ukisoma darasani unapata moyo kabisa.

Nikamwambia mama, "Mama, hawa unaweza kuwashitaki." Akacheka. "Mwanangu, risiti iko wapi?" Hakuna risiti. Hakuna mkataba. Kuna muuzaji ambaye ukimgombeza leo, kesho anakupa belo bovu zaidi. Nikaelewa siku hiyo kwamba haki isiyokuwa na karatasi ni hadithi tu.

Upande mwingine, serikali haikosi kumfikia mama pale inapotaka chake. Desemba 2018 vilikuja vitambulisho vya Wamachinga, shilingi 20,000 kila mmoja. Mwaka 2021 ikaja hamisha hamisha, watu wakaambiwa wapishe barabara waende maeneo waliyopangiwa, mengine hata mteja hapajui. Januari 2022 soko la Karume likateketea na mitaji ya maelfu ya watu usiku mmoja. Yaani dola inayoweza kumpata mama kwa kitambulisho na kwa mgambo, inashindwaje kumpata mwagizaji kwa risiti?

"TUPIGE MARUFUKU" SIYO JIBU

Nataka niseme na wenzangu wa ndani ya chama kwa ukweli, maana tusidanganyane. Kwenye kikao chetu cha mwisho cha vijana kaka mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alisimama akasema tukishika dola tupige mitumba marufuku. Ni udhalilishaji, akasema, kuvaa makombo ya wazungu. Alipigiwa makofi. Mimi sikupiga.

Ninaielewa hasira yake. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwahi kuwa na wazo hilo: mwaka 2016 wakuu wa nchi walikubaliana Arusha kuondoa nguo za mitumba ndani ya miaka mitatu. Nini kikatokea? Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakaenda kulalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatishia kututoa kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda peke yake ikasimama. Walikuwa wamepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikawasimamishia faida ya AGOA upande wa nguo.

Rwanda tuwape heshima yao kwa kusimama. Lakini tuangalie na maisha ya mtu wa chini. Mitumba iliendelea kupenya kwa magendo kutoka Kongo, na pengo lililobaki likajazwa kwa kiasi kikubwa na nguo mpya za bei nafuu kutoka China. Nguo zile zile za mapovu kifuani. Ukiondoa koti la sufu la 12,000 bila kuweka kitu mahali pake, mtu hatahamia kwenye kitani cha Masaki. Atahamia kwenye polista ya Kariakoo, na baada ya miezi mitatu naye atakuwa anaichoma nyuma ya nyumba.

Kaka yangu alisema pia mitumba ndiyo iliua viwanda. Ilichangia, ndiyo. Lakini haikuwa peke yake kwenye eneo la tukio. Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kiltex ya Arusha, na hata Urafiki pale Ubungo iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, hivi vyote viliugua mashine zilizochakaa, umeme wa kukatika na uongozi mbovu. Soko likafunguliwa ghafla, halafu ubinafsishaji ukaja kumalizia. Walioviongoza viwanda hivyo na waliovibinafsisha hawakuwa akina mama wa mitumba. Tusimhukumu mshitakiwa mmoja kwa kosa la genge zima kwa sababu tu yeye ndiye asiye na wakili.

PAMBA INAYOSAFIRI

Sasa niwaambie kinachoniuma zaidi. Vijana wa mjini tukivaa vizuri tunasema tumepiga pamba. Mama yangu katoka Maswa, mkoa wa Simiyu. Babu analima pamba mpaka leo. Anavuna kwa mkono, anapeleka AMCOS, kilo moja analipwa shilingi elfu moja na kitu. Pamba inaenda jinari, inatenganishwa na mbegu, inafungwa marobota, na sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa nyuzi hivyo hivyo. Babu anapokea belo? Hapana. Anapokea shati la mtumba ambalo mama anamtumia kwa basi kila Krismasi.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Wilaya ya Meatu, jirani tu na kwa babu, wapo wakulima wanaolima pamba hai, bila dawa za viwandani wala mbolea za chumvi chumvi, tangu miaka ya 1990 kupitia mradi wa bioRe ulioanzishwa na Waswisi. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pamba hai Afrika. Yaani ile nguo ambayo Ulaya wanaiuza kwa bei ya juu kwa kuwa haijaharibu udongo, mizizi yake iko Simiyu. Mitindo endelevu inaanzia kwetu, inaenda kwao, na ikishachakaa inarudi kwetu ndani ya belo la kilo 45.

Serikali inajua. Ndiyo maana Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka VAT ya asilimia sifuri kwa nguo na vitambaa vinavyotengenezwa nchini kwa pamba ya hapa hapa. Safi kabisa. Ila wakaiweka kwa mwaka mmoja. Mwaka 2024 wakaongeza mwaka mwingine mmoja. Hivi ndugu zangu, nani anajenga kiwanda cha kusokota nyuzi, kitu cha mabilioni na cha kulipa polepole, kwa ahadi ya miezi 12? Hata mimi nisingepanga chumba kwa mkataba wa namna hiyo.

TUNACHOTAKIWA KUKIDAI

Chama kikiandaa ilani kisiniletee maneno ya "kuwezesha vijana na wanawake" halafu tukaishia hapo. Naomba mambo manne, na yote yanawezekana.

Moja, risiti na gredi. Mwagizaji wa jumla alazimike kuandika kwenye belo uzito, aina na gredi, atoe risiti yenye maelezo hayo, na apokee au afidie mbovu zikizidi kiwango kitakachowekwa. TBS tayari imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, kwa hiyo usiniambie hatuna mamlaka ya kugusa belo. Mamlaka yapo. Yaelekezwe bandarini na kwenye maghala, siyo kwenye meza ya mama.

Mbili, pesa ifuate nguo. Ufaransa tangu mwaka 2007 ina sheria inayowafanya wenye kuuza nguo walipie gharama ya nguo hizo zikichakaa. Umoja wa Ulaya nao umerekebisha sheria yake ya taka mwaka 2025, na kila nchi mwanachama itatakiwa kuwa na mfumo huo. Vizuri. Lakini nguo inamalizia maisha yake Tandale, wakati ada iliyolipwa kwa ajili yake imebaki Paris. Serikali yetu ipeleke hoja hiyo mezani pamoja na Kenya, Uganda na Ghana, ambako soko la Kantamanto liliungua Januari 2025 na wauzaji kama mama yangu wakabaki na majivu. Ninachodai si msaada. Ni gharama ya kazi tunayowafanyia.

Tatu, msamaha wa VAT kwa nguo za pamba yetu uwekwe kwenye sheria kwa miaka 10, na serikali yenyewe iwe mteja wa kwanza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inaruhusu upendeleo kwa bidhaa za ndani. Mashuka ya hospitali, sare za askari, sare za wanafunzi: hilo ni soko tayari, halihitaji tangazo. Kiwanda kikiwa na oda ya uhakika kinashusha bei, na hapo ndipo shati la pamba ya Simiyu litamfikia mtu wa Mbagala kwa bei anayoiweza. Bei nafuu haiji kwa maombi, inakuja kwa oda kubwa.

Nne, fundi cherehani. Kila soko la Wamachinga litenge eneo lenye umeme kwa ajili ya mafundi wa kushona na kubadilisha nguo. Yule aliyenibania koti kwa 8,000 anashonea chini ya mwavuli, mvua ikinyesha anafunga. Zile blauzi 32 za mama, fundi mwenye mwanga na mashine nzuri angeokoa hata 15 akazigeuza mifuko, nguo za watoto au foronya. Hiyo ndiyo teknolojia ya uendelevu tuliyonayo tayari. Inahitaji soketi.

Kwa kaka yangu wa kwenye kikao: sijasema mitumba ni fahari. Nami nataka siku moja babu avae shati la pamba aliyoilima mwenyewe, jipya, likiwa na harufu ya dukani. Lakini njia ya kufika huko haipiti juu ya meza ya mama. Jenga kwanza, kitu cha kwetu kiwe kizuri na kiwe na bei ya mtu wa kawaida, halafu uone kama kuna atakayekuwa na haja ya belo. Watu hawapendi makombo. Wanapiga hesabu.

Kwenye mashindano tulitolewa nusu fainali, jaji alisema tulizidisha muda. Koti halikuachia hata uzi mmoja. Kikao kijacho nitakuja nalo, na nitakuja na daftari la mama. Anayetaka kusimama kusema "marufuku" aanze kwa kunisomea ukurasa wa zile blauzi 260, aniambie kwa hesabu hizo hizo ni nani alipie ada yangu ya muhula ujao.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu na mwanachama wa ngome ya vijana, Dar es Salaam.